Kusawazisha Sura ya Thelathini na Moja

Kazi yangu ni kusawazisha sauti. Nikisema hivyo mbele ya watu hudhani mimi ni mwimbaji, na nikianza kuwaeleza wanahamia kiti cha mbali, kwa hiyo nitaeleza mara moja tu. Maktaba yetu inatoa vitabu vya kusikiliza kwa watu wasioona. Wasomaji wetu wanajirekodi majumbani kwao, wananitumia faili, na hakuna hata mmoja anayejua kusoma kwa kiwango kimoja cha sauti. Yupo anayeanza ukurasa wa kwanza kwa kubwata, akifika wa kumi sauti imemwishia. Yupo anayegeuza kichwa kila anapomaliza mstari. Mimi nashusha palipopaa na kupandisha palipozama, ili mwanafunzi aliyejilaza na simu sikioni asipasuliwe sikio sura ya pili halafu ya tatu abaki kukisia. Nimeifanya miaka kumi na moja. Naijua, na sipendi kufundishwa.

Ina hatua mbili, na zina mpangilio wake. Kwanza unafunga lango. Lango ni amri unayoipa kompyuta: sauti yoyote iliyo chini ya kiwango fulani, ikate, pawe kimya kabisa. Hapo linaondoka feni, friji, mbwa wa jirani, na msomaji anayemeza mate. Baada ya hapo ndipo unapandisha. Ukipandisha kabla ya kufunga lango, takataka zote zinapanda pamoja na maneno, na friji la mtu linakuja kunguruma sebuleni kwa mtu mwingine. Zamani hatukuwa na lango. Nilisafisha kwa mkono, pumziko baada ya pumziko, nikilaani kimoyomoyo. Lilipokuja nililipokea kwa mikono miwili, na tangu hapo sikusikiliza tena kilichomo kati ya aya na aya. Nisikilize nini, na palikuwa kimya?

Miongoni mwa wasomaji wetu alikuwa mdogo wangu, tumbo moja. Nyumbani tulimwita Chiriku, kwa sababu alianza kuongea kabla ya kutembea na hatukuona dalili ya kunyamaza. Mimi ndiye niliyemwingiza kwenye kazi hii. Nilikwenda kwake nikamtengenezea chumba cha kurekodia ndani ya kabati la nguo: nikatundika mablanketi, nikafunga maiki kwenye kipande cha bomba, tukajibana humo wawili tukicheka hadi mbavu zikauma. Nikamwonya asigongegonge kiti wala asinong'one pembeni, maana mimi nikipandisha sauti, mbu akipumua ukutani namsikia. Nilijipiga kifua kweli siku hiyo.

Akaacha kucheka. "Hata mtu akisema polepole sana?"

"Hata akiwaza tu," nikamwambia.

Wiki tatu baadaye, akiwa amenitumia sura ya kwanza tu, maktaba ikanunua programu mpya yenye lango. Sikuona sababu ya kumwambia.

Mumewe alikuwa mfamasia. Sisi tulimwita Bwana Taratibu, na hata yeye alilipenda jina hilo. Katika miaka yote ya ndoa yao hakuna aliyewahi kumsikia akipaza sauti. Alikuomba chumvi mezani na kukupa pole ya msiba kwa sauti ileile, ya chini, iliyonyooka. Nilimtania kwamba Mungu alimsawazisha kabla hajazaliwa akaninyima mteja. Mama alimsifia hadi majirani wakaanza kumkwepa Mama. Kila Jumapili walikuja pamoja, na Chiriku akienda jikoni, shemeji naye ana kiu. Akitoka uani, shemeji naye anahitaji hewa. Tukamwita gundi. Chiriku alipoacha kuwa na simu, shemeji alisema nyumba ya watu wawili simu moja inatosha, na sisi tukasema hao ndio wanandoa, wengine wote ni wapangaji.

Maktaba ina utaratibu wake. Faili ikishasawazishwa inarudi kwa msomaji, aisikilize na kitabu mkononi, aone kama kuna neno lililorukwa. Kazi hiyo shemeji aliichukua yeye. Ndiye aliyetuma faili ghafi, baada ya kuzisikiliza, na ndiye aliyepokea zilizosawazishwa. Kila nilipotuma alifunga duka la dawa, akafika nyumbani saa kumi na moja jioni, akaunganisha simu yake na spika ya sebuleni, akaketi na kitabu pajani na penseli mkononi, akasikiliza sura nzima bila kuinuka. Marekebisho yake yalikuwa nadhifu kiasi kwamba Mkuu wetu aliomba yasomwe kwenye kikao. Nilimwonea mdogo wangu wivu. Mume wangu mwenyewe, hadi leo, anadhani nafanya kazi redioni.

Siku hiyo ilikuwa Jumatano. Chiriku alikuwa ametusomea karibu kitabu kizima cha jiografia ya sekondari, kitabu chake cha kwanza, na kinene, na Mkuu alitaka kiishe kabla ya mitihani. Sura ya thelathini na moja ikaja imezama. Kwenye skrini, pale sauti inapotakiwa kuonekana kama milima na mabonde, niliona uzi tu. Nikakasirika. Nikasema huyu naye siku hizi anasoma kama mtu anayemwogopa mwandishi. Nikaipandisha yote kwanza, angalau nione ninachoshika, nikanuia nikishaiona nirudi nyuma, nifunge lango, nianze upya kwa mpangilio. Hapo Mkuu akaniita ofisini kwake kwa jambo la dakika mbili.

Mkuu wetu haoni tangu utotoni, na dakika zake mbili zinajulikana jengo zima. Niliporudi ilikuwa imepita nusu saa. Mawimbi kwenye skrini yalikuwa yamejaa, yamelingana, mazuri. Nikadhani nilishamaliza. Nikaiweka kwenye folda ya pamoja saa tisa na dakika tano, shemeji aikute. Kisha nikamimina chai, nikajibu barua mbili tatu za watu wanaodhani wanajua kusoma, nikavaa hedfoni nionje kipande. Siku zote huwa naonja kabla ya kutuma. Siku hiyo nilituma kwanza.

"Mto unapofika kwenye tambarare," akasema mdogo wangu, "hupunguza kasi na kuanza kuuacha mzigo wake."

Aya ikaisha. Friji likanguruma. Nikasonya, maana nilijua palepale kwamba lango halikufungwa, na nikanyoosha mkono nisimamishe. Chini ya friji, karibu kabisa na maiki, mtu akasema kwa pumzi tu: "Dada. Ananifungia ndani. Dada, nisikie."

Kisha, kwa sauti yake ya kusomea, Chiriku akasema: "Delta zipo za aina tatu."

Nilibaki na mkono hewani. Nilirudisha nyuma, nikasikiliza tena, nikarudisha tena. Nilitaka liwe friji. Nilitaka iwe redio ya jirani, au mchezo, au wazimu wangu mwenyewe. Nikaruka hadi pumziko lililofuata. "Kufuli liko nje. Njoo kabla hajarudi." Nikaruka mbele. "Sikuanguka bafuni. Ni yeye." Miezi miwili kabla ya hapo alikuja na bandeji nene kwenye mkono, na shemeji akatueleza jinsi bafu lilivyoteleza na jinsi alivyomhudumia usiku kucha, na Mama akamshukuru kwa machozi. Nikaruka tena, kwa sababu vidole vilikuwa haviniulizi. Baada ya maelezo ya mmomonyoko wa kingo, pumzi ileile ikasema: "Amesema nikimwambia mtu nitatoka humu nimebebwa."

Mimi si mwoga, waulize waliowahi kugombana nami, lakini niliivua hedfoni nikatazama kama mlango wa ofisi umefungwa.

Halafu nikaikumbuka folda.

Niliifungua haraka niifute faili ile humo, na pembeni ya jina lake nikaona nilichokuwa nakiogopa: imepakuliwa, saa tisa na dakika ishirini na mbili. Ilikuwa kwenye simu ya shemeji. Kile ambacho Chiriku alikisema kwa pumzi, chini sana, ili mumewe asikisikie, mimi nilikuwa nimekipandisha kikawa sawa na milima na mito, nikampelekea mumewe. Saa ya ukutani ilionyesha saa kumi kasoro robo. Saa kumi na moja angeketi sebuleni, na Chiriku akiwa chumba cha pili, mlango umefungwa.

Nifanye nini? Nikimpigia nimwambie asiifungue, ataifungua akiwa bado na mimi kwenye simu. Nikimtumia nyingine nikasema ile ya kwanza ina kasoro, yule ni mtu wa penseli, angezisikiliza zote mbili aone nimekosea wapi. Niliinuka, nikaketi, nikainuka tena. Mwishowe nikaing'oa kompyuta kwenye waya zake nikaenda nayo kwa Mkuu bila kubisha hodi.

Mkuu alinijua kwa hatua. "Nani kafa?" akauliza.

"Bado," nikasema, na neno hilo lilinitisha mimi mwenyewe.

Nikamvika hedfoni. Alisikiliza ameinamisha kichwa, mkono umeshika ukingo wa meza. Aliposikia pumziko la kwanza alinyoosha kidole nimrudishie. La pili hakuomba. Akavua hedfoni taratibu, akaiweka mbali naye.

"Kilichotumwa ni hiki hiki?"

"Hiki hiki. Kiko kwenye simu yake."

"Ameshakisikiliza?"

"Husikiliza akifika nyumbani. Saa kumi na moja."

"Simu anayosikilizia ndiyo anayopigiwa?"

"Ana moja tu. Nyumba nzima ina moja."

Mkuu akaivutia kwake simu ya mezani. "Mtu akiwa anaongea na simu hawezi kuisikiliza," akasema. "Mimi nitampigia. Nitamwomba ushauri. Yule ni mtu anayejiona, na mtu anayejiona ukimwomba ushauri hakati simu. Wewe nenda na dereva."

"Polisi je?"

"Wakianza kwa kumpigia wamuulize kama ni kweli? Mtoe kwanza. Mkifika kituoni, mfike naye." Akawa tayari anapapasa vitufe vya simu ya mezani. Nikiwa mlangoni nikamsikia akisema kwa furaha tele, "Mfamasia wangu! Nina tatizo la matamshi ya majina ya milima, na hapa maktaba sina mtu wa kumwamini."

Dereva wa maktaba ni mtu wa maneno matano kwa siku. Nilimweleza ndani ya gari huku nikikosea maneno, akaitikia kwa kichwa, akakanyaga mafuta. Mimi nikawa napiga namba ya shemeji. Kila mara sauti ya mashine iliniambia simu inatumika, nami nikakata nikashukuru, nikahesabu nguzo tano za umeme, nikapiga tena. Inatumika. Sijawahi kupenda ule mlio namna ile. Kwenye makutano tulizuiwa na lori lililokuwa likirudi nyuma, na dereva wa lori akashuka kwanza kujinyoosha. Nikafungua dirisha nikamwambia maneno ambayo sitayaandika.

Saa kumi na dakika thelathini na tano tukasimama mbele ya nyumba yao. Nyumba nzuri, rangi ya maziwa, maua yamekatwa kwa kipimo kimoja. Nilikuwa nimefika pale mara nyingi, lakini kila mara shemeji akiwapo, mlango wazi, yeye kizingitini anatukaribisha. Sasa mlango wa nondo wa mbele ulikuwa umefungwa, na kufuli kubwa lilikuwa upande wetu.

Nikazunguka ubavuni hadi dirisha la jikoni. Pazia lilikuwa limeshushwa. Nikagonga kioo kwa ukucha. "Chiriku. Ni mimi."

Nikagonga tena. Kisha pazia likasogea upana wa kidole, nikaona jicho lake.

"Amekutuma?" akauliza.

Hiyo ndiyo ilikuwa salamu yake kwangu, mimi niliyembeba mgongoni. "Hajanituma mtu. Nimekusikia."

Pazia likafunguka. Alikuwa amekonda kuliko Jumapili, au labda Jumapili huvalishwa nguo pana. Nilitegemea atalia, hakulia. Alinitazama kwa muda, na nikaona akili yake inakwenda mbio kuliko yangu ilivyokwenda.

"Kama wewe umesikia, na yeye atasikia," akasema. "Imesharudi kwake?"

"Iko kwenye simu yake. Hajaifungua. Mkuu anamzungusha kwa maneno."

Akarudi nyuma hatua mbili, mkono mdomoni. "Ondoka, dada. Nenda. Akikukuta hapa itakuwa vibaya zaidi. Nitamwambia nilikuwa nafanya majaribio ya maiki. Nenda tu."

"Siendi popote. Vaa viatu."

"Sina. Viatu vyangu anakaa navyo kwenye gari."

Nilirudi mbele nikikimbia. Dereva alikuwa ameshatoa spana ya tairi, ameiingiza kwenye kikuku cha kufuli, anaikandamiza kwa uzito wake wote, mishipa ya shingo imemtoka. Kufuli halikutikisika. Akabadili upande. Mimi, kwa mazoea tu ya ile safari, nikapiga tena namba ya shemeji nisikie ule mlio wa faraja.

Simu ikaita.

Iliita mara moja, nikaikata, lakini nilijua nimechelewa. Jina langu lilikuwa limeshatokea kwenye skrini yake. Nikasimama barazani nimeishika kwa vidole viwili. Haikupita nusu dakika ikaanza kutetemeka: Shemeji. Ikatetemeka hadi ikachoka. Ikaja tena. Kisha ikatulia, na kule kutulia kuliniogopesha zaidi, maana sasa simu yake ilikuwa huru.

"Vunja," nikamwambia dereva.

"Navunja," akasema, na hayo yalikuwa maneno yake ya siku.

Nilishika spana pamoja naye. Tulikandamiza, tukapumua, tukakandamiza. Nikasikia chuma kikilia, kikuku kikapinda, kufuli likaanguka kwenye vigae kwa kishindo ambacho nadhani mtaa mzima ulikisikia. Ndani, Chiriku alikuwa amesimama katikati ya sebule pekupeku, amekishika kile kitabu cha jiografia kifuani kwa mikono miwili. Spika ilikuwa kwenye rafu, kiti cha shemeji kinaitazama, penseli imechongwa tayari juu ya meza ndogo.

"Tuma mguu," nikasema, na lilikuwa neno la utotoni, tulilokuwa tukiambiana tukichelewa shule. Hakusogea. Alikuwa anatazama mlango ulio wazi kana kwamba hajaamua kama ni mlango. Nikamshika mkono, akaruka, nikakumbuka mkono upi, nikamshika wa pili. Tukatoka.

Tulimlaza kiti cha nyuma, nami nikakaa naye, nikamfunika kwa shuka la kufunikia mashine. Gari lilikuwa linakata kona ya mwisho ya mtaa tulipomwona. Gari lake dogo jeupe lilikuja likiwa katika mwendo wake uleule wa adabu. Madirisha yalikuwa yamepandishwa. Alishika usukani kwa mikono yote miwili na kichwa chake kilikuwa kimelala kidogo upande, kama kinavyolala kila anapohakiki. Hakututazama. Nadhani hakuwa anatazama chochote. Akapita.

"Ni yeye?" Chiriku akauliza chini ya shuka.

"Kapita," nikasema.

"Anasikiliza?"

Nilitaka kusema sijui. "Anasikiliza."

Tukaingia barabara kubwa. Dereva alikuwa anatazama kioo cha nyuma kuliko alivyotazama mbele. Kila gari jeupe lilinishika roho, na siku hiyo dunia ilikuwa imejaa magari meupe. Nilimpigia Mkuu, akapokea kabla haijaita.

"Nilimshika dakika arobaini na tano," akasema. "Nilimsomea milima yote. Halafu akasema ana kazi ya kuhakiki, akakata. Mmemtoa?"

"Tunaye."

Akamshukuru Mungu, akakata.

Tulikuwa tumeanza kuliona jengo la kituo cha polisi mbele, na nguzo yake yenye taa ya buluu, simu yangu ilipotetemeka tena. Shemeji. Chiriku alikuwa ameketi sasa, shuka mabegani. Akaitazama simu mkononi mwangu, na uso wake ukawa mdogo.

"Usipokee," akasema. Kisha akasema, "Pokea. Tujue yuko wapi."

Nikapokea, nikaiweka kwenye spika kwa sababu sikutaka kuisogeza karibu na sikio langu.

"Shemeji," akasema. "Habari za kazi."

Sauti ileile. Haikupanda hata kidogo. Nikasikia nyuma yake mwangwi wa ile sebule. Alikuwa ameshafika, ameshauona mlango.

"Leo umefanya kazi nzuri sana," akaendelea. "Nimesikia kila kitu. Lakini nimefuatilia na kile kitabu changu cha dukani, kumbe kuna maneno hayamo. Sikiliza mwenyewe."

Ikafuata, kutoka kwenye mashine ya kurekodia alikoihamishia faili, sauti ya Chiriku kupitia spika ya sebule yake mwenyewe, kubwa, safi, imelingana mwanzo hadi mwisho: mto, tambarare, mzigo. Kisha friji. Kisha ile pumzi, ambayo nilikuwa nimeipa nguvu ya sauti ya mwalimu darasani. "Dada. Ananifungia ndani. Dada, nisikie." Akaikatisha hapo. Akairudisha. Akaipiga tena.

"Hayamo," akasema shemeji. "Nitayawekea alama, halafu nitakuja kumchukua ayasome upya." Akakata.

Gari lilikuwa limesimama mbele ya kituo. Dereva alizima injini, akashuka, akatufungulia mlango, akabaki ameushika. Niliiacha simu ianguke miguuni, na sikuinama kuiokota. Nilimtazama mdogo wangu. Nilikuwa namtegemea atetemeke, lakini alikuwa ametulia, ananitazama kama mtu anayepiga hesabu.

"Hiyo ni sura ya ngapi?" akauliza.

"Ya thelathini na moja."

Akaitikia kwa kichwa. Akajivuta hadi ukingo wa kiti, akaweka nyayo zake tupu juu ya lami, akaniambia bila hasira yoyote, na afadhali angekuwa na hasira:

"Mimi nilianza ya pili."

Nilifungua mdomo kumweleza habari ya lango, jinsi linavyofanya kazi, kwamba ni utaratibu tu, kila mtu wa kazi yetu anafanya hivyo. Nikaufunga. Sura ishirini na tisa aliniita, na sura ishirini na tisa nilimkata kwa mkono wangu mwenyewe kabla ya kumpandisha, na kila nilipomaliza nilimtumia shemeji ujumbe ampongeze mkewe, kwamba rekodi zake ni safi kuliko za wote. Nikashuka nikamfuata ndani.